Mizani ilinificha, bangili ikanionyesha

Mamangu ni mgonjwa wa figo, na bangili yake ilikuwa haivuki kiganja bila sabuni. Asubuhi moja alipokuwa akitawadha, ilimteleza yenyewe ikatumbukia kwenye ndoo. Nikampima: kilo 58, zile zile za miezi mitatu nyuma. Kumbe nyama ilikuwa inaisha mwilini na maji yanashika nafasi yake. Mizani haijui kutofautisha.

Kosa lilikuwa langu. Kabla hajaanza kusafishwa damu kwa mashine tuliambiwa apunguze samaki, nyama na mayai, figo zisielemewe. Alipoanza dialisisi mimi nikashikilia sharti lile lile: uji, mkate, kipande cha changu cha vidole viwili. Mtaalamu wa lishe akanieleza kwamba mambo yamegeuka. Mashine haitoi uchafu peke yake. Kila kikao huondoka pia na chembechembe za protini. Mtu wa mashine anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzani wake, kila siku. Kwa mamangu ni kama gramu 58 hadi 70, na yai moja lina 6 hivi tu!

Sisi wa Malindi tushukuru, samaki mbichi yupo. Changu au kolekole nampaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, namchoma. Ng'onda na papa mkavu tumeacha: chumvi huleta kiu, na maji anayokunywa hayana pa kutokea. Ute wa yai nampa zaidi ya kiini, maana fosforasi, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, nyingi iko kwenye kiini. Madafu hapana kabisa, potasiamu yake ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Muhogo naukatakata, nauchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga. Mbaazi za nazi ndizo zilizomliza, wallahi. Sikumkatalia moja kwa moja. Nilimwuliza mtaalamu, akatupimia kiasi kwa kutazama vipimo vyake vya damu.

Siku ya mashine hurudi hoi, hataki hata harufu ya chakula. Simlazimishi sahani kubwa. Nampa kidogo kidogo, mara tano au sita, na vya baridi humpita vizuri kuliko vya moto.

Kama unauguza, mshike mgonjwa wako mkono wa juu na mabega kila wiki. Ukihisi mfupa, mwambie daktari apime albumini, protini ya kwenye damu, na aupange upya uzani mkavu, ule wa mwili usio na maji ya ziada. Usingoje mizani ishuke.