Wadogo zangu mnaosoma barua za akina Jefferson

Wiki hii nimepitia rasimu tatu za tasnifu, na zote tatu zimemnukuu Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kutoka gazetini. Nawapenda, lakini jamani!

1. Siku ya kuandikwa si siku ya kusomwa. Mkataba wa Louisiana, ambao Marekani ilinunua eneo hilo kutoka Ufaransa, ulitiwa saini Paris 30 Aprili 1803, habari zikafika Washington mwanzoni mwa Julai. Msimshangae rais kunyamaza mwezi Mei.

2. Tarakimu katikati ya sentensi ni maandishi ya siri, hasa Jefferson anapoandikiana na wanasiasa wenzake James Madison au James Monroe. Msiziruke.

3. Jueni mnachonukuu: rasimu, nakala ya mwandishi, au karatasi iliyomfikia mwenyewe. Hapa ndipo nilipoumia.

Tarehe 24 Aprili 1796 Jefferson alimwandikia rafiki yake Philip Mazzei, aliyekuwa Italia. Aliwasema waliokuwa Samsoni vitani na Sulemani barazani, kisha wakanyolewa na kahaba Uingereza. Barua ya faragha kabisa. Mazzei akaitoa, ikageuzwa Kiitalia, ikachapwa Kifaransa Paris katika gazeti la Moniteur, na Mei 1797 ikarudi Kiingereza katika gazeti la Noah Webster, New York.

Mimi nikainukuu hiyo ya gazeti. Jefferson alilalamika kwamba wapinzani wake wameshaleta "forms" za serikali ya Uingereza, yaani mbwembwe za kifalme: kusherehekea siku za kuzaliwa, hafla za kupokea wageni, misafara. Safarini herufi s ikadondoka, na neno likawa muundo wa dola wenyewe. Juu ya neno hilo nikajenga sura nzima kwamba Jefferson aliichukia Katiba. Miezi mitano! Msimamizi wangu aliifungua barua yenyewe, akaweka kidole kwenye ile s, akaninyamazia. Nilitoka pale nikashindwa hata kula. Sura yote niliifuta, na mwaka ule sikuhitimu na wenzangu.

4. Juzi mmoja wenu kaniuliza mbona Jefferson hakukanusha. Alimweleza Madison Agosti 1797: kuikana hawezi, kwa kuwa sehemu kubwa ni yake, kuikiri hawezi, maana kuifafanua ile s kungemgombanisha na George Washington, rais wa kwanza. Nileteeni barua hiyo Jumatatu, na mniambie mmesoma nakala ipi.