Kijiweni wanamjua kwa jina

Swali la wiki: Mwanafunzi akikamatwa na bangi, shule imfukuze?

Isimfukuze. Nasema hivyo mimi niliyekuwa mwalimu wa nidhamu miaka sita katika shule ya kata, na barua za kusimamisha masomo nimezisaini nyingi tu.

Moja bado inanikaa rohoni. Kijana wa kidato cha tatu alikutwa na kete nyuma ya vyoo. Kuifungua, naona imefungwa kwa karatasi ya daftari lake la Jiografia: maswali manane kayajibu, mengine vizuri kabisa, na kalamu nyekundu haijagusa popote. Darasa lilikuwa na watoto 94, kwa hiyo mwenzangu wa Jiografia simlaumu sana. Tukamchapa viboko vinne vinavyoruhusiwa (haya, vilizidi), tukampa wiki tatu akae nyumbani. Nyumbani gani? Alishinda kijiweni, pale pale alikonunua ile kete. Kule wana jina la utani walilompa, na asipoonekana siku mbili wanaulizana kaenda wapi. Kwetu alikosa siku kumi na moja muhula ule, nami nilijua siku ninaandika barua.

Bangi siitetei. Ubongo wa kijana wa miaka 14 bado unakua, na moshi ule unamvurugia kumbukumbu na umakini, vitu anavyovihitaji darasani. Hayo tuliyahubiri kila paredi, na wavutaji wakiwa mstari wa nyuma wanacheka. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 1997, wa vijana zaidi ya 12,000: waliojiona ni wa shule yao walivuta bangi kidogo kuliko wenzao. Mtu anaweza kubisha kwamba huenda mvutaji ndiye anayejitenga kwanza. Sawa, lakini kumfukuza kunamtenga zaidi.

Aliyefuata kukamatwa, mkuu wa shule alikataa barua yangu. Akamkabidhi funguo za stoo ya mipira. Nilinuna wiki nzima. Kijana hakuacha mara moja, wikendi aliendelea kuvuta, mwenyewe aliniambia. Ila siku za shule saa kumi na mbili na nusu yupo getini, maana asipokuja mipira haitoki. Alipougua malaria, timu nzima ilikwenda kwao. Walidai wamefuata funguo.