Kwa mwalimu mpya anayekabidhiwa vipindi vya afya ya uzazi

Mwalimu mwenzangu unayeripoti kwa mara ya kwanza huku kwetu Urambo, mkoani Tabora, Tanzania, ukikabidhiwa vipindi vya afya ya uzazi na stadi za maisha usidhani umepewa kazi ya kujazia ratiba. Wanafunzi wetu wengi hutembea mwendo mrefu kupita kwenye mashamba na mabani ya kukaushia tumbaku, na msimu wa mauzo, fedha zinapoingia vijijini, ndipo vishawishi vya lifti na zawadi huzidi. Mengi wameshayasikia kabla hujaingia darasani, ila wameyasikia nusunusu. Kwa hiyo anza na maswali yao.

Mimi hutumia boksi tupu la chaki lililotobolewa juu. Nagawa vipande vya karatasi vinavyolingana, kila mmoja anaandika, na asiye na swali anaandika alichokula jana, ili asijulikane nani ameuliza na nani hakuuliza. Utaratibu huu umetokana na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nililisoma swali moja kama lilivyoandikwa, wenzake wakamtambua mwandishi kwa namna anavyozungumza, wakamzomea, na binti yule hakuonekana shuleni kwa siku 4. Nilikwenda kwao kumwomba radhi mbele ya mama yake. Tangu hapo nayabeba maswali hadi nyumbani, nayaandika upya kwa maneno yangu, na kuyajibu kipindi kinachofuata.

Swali linalorudi kila muhula ni la siku salama, zile zinazodhaniwa kwamba mwanamke hawezi kushika mimba. Wengi wameambiwa kwamba yai hutoka siku ya 14 kwa kila mwanamke, nao huhesabu wakiamini hivyo. Chora kalenda mbili ubaoni, moja ya mzunguko wa siku 26 na nyingine ya siku 35, kisha waonyeshe kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yaani karibu na siku ya 12 kwa wa kwanza na ya 21 kwa wa pili. Ongeza kwamba mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, na kwamba kwa msichana aliyevunja ungo karibuni mzunguko hubadilikabadilika, hata hiyo hedhi inayofuata haitabiriki. Usiharakishe hapo, kwa sababu nimeona nyuso zikibadilika darasa zima hesabu hiyo inapoeleweka.

Taja viungo kwa majina yake: uke, uume, mji wa mimba. Mtoto anayejua "huko chini" peke yake hushindwa kueleza alichofanyiwa anapofikishwa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Wavulana nao waeleze ndoto nyevu, maana wengine hudhani ni ugonjwa.

Kabla ya yote hayo zungumza na mkuu wa shule na wazazi, uwaonyeshe kitabu chenyewe cha kiada. Hofu yao kubwa hupungua wakikiona.

Jambo linalonigusa zaidi ni siri. Mwanafunzi akikufuata na kusema, "Mwalimu, nitakwambia lakini usimwambie mtu," usikubali haraka. Mweleze kwa upole kwamba kama kuna anayemuumiza utalazimika kumhusisha mtu wa kumlinda, na kwamba hutafanya hivyo bila yeye kujua. Baadhi yao watanyamaza siku hiyo, kisha warudi. Waeleze pia sheria ilivyo: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurejea baada ya kujifungua. Namba 116, ya kupiga bure kwa msaada wa mtoto, iandike ubaoni kipindi cha kwanza na usiifute hadi wote waiandike ndani ya jalada la daftari.