Majina matatu, mtu mmoja: Lord Salisbury na ukoo wake

WASOMAJI WANAULIZA

Swali (Mikindani): Kitabu cha historia cha kijana wangu kina Lord Robert Cecil, Lord Cranborne na Lord Salisbury, wote wanasiasa wa Uingereza enzi za Malkia Victoria. Mwalimu wake anasema ni mtu mmoja. Yawezekanaje?

Jibu: Mwalimu yuko sahihi, lakini mwambie kijana atazame mwaka kwanza. Robert Gascoyne-Cecil, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alizaliwa Hatfield, kaskazini ya London, Februari 3, 1830. Baba yake alikuwa Markisi (cheo cha juu cha kimwinyi) wa pili wa Salisbury. Mtoto wa kiume wa markisi asiye mrithi huitwa Lord na jina lake mwenyewe likifuatia: Lord Robert. (Ukikuta “Lord Cecil” tupu kwa miaka hiyo, aliyeandika kakosea.) Mrithi yeye huazimwa cheo kidogo cha baba, yaani Cranborne. Cheo hicho alikuwa nacho kaka mtu, James, kipofu ambaye hakuoa. James alifariki Juni 1865, mdogo akawa Cranborne. Aprili 1868 baba naye akafa, mdogo akawa Salisbury. Siku hiyo hiyo alipoteza kiti chake cha Stamford katika Bunge la Makabwela, alichokuwa nacho tangu 1853, kwa kuwa enzi hizo markisi alikaa Bunge la Malodi. Majina ya kuazimwa hayakumzuia mtu kugombea. Cheo chenyewe ndicho kilichomtoa.

Wengi hujikwaa hapa: majina hayo hayakwenda kaburini, yalishuka kwa watoto. Cranborne wa baada ya 1868 ni kifungua mimba wake wa kiume, James. Na Lord Robert Cecil wa magazeti ya 1910 ni mwanawe aliyezaliwa 1864, huyo aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1937.

Wazee wa Nachingwea waliofuatilia vita vya ukombozi redioni wanalijua jina Salisbury kwa njia nyingine. Ndio uliokuwa mji mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), uliopewa jina lake 1890 na kuitwa Harare tangu 1982.

Swali (Lindi Mjini): Nasikia kwa mamwinyi wa Uingereza ardhi yote ilimwendea mtoto mmoja. Wengine walikula nini? Na mjane?

Jibu: Ifikirie kama wakfu wa familia. Aliyeikalia ardhi alikula kodi ya wapangaji maisha yake yote, lakini hakuweza kuiuza. Kitanzi chenyewe kilifungwa hivi: kijana mrithi akifika miaka 21 alikuwa na haki ya kuufungua mkataba ulioifunga ardhi akishirikiana na baba yake, ila mfukoni hakuwa na kitu. Baba alimwahidi posho ya kila mwaka, naye akatia saini ardhi ifungwe upya mpaka kwa mwanawe ambaye hajazaliwa. Kizazi kilichofuata walirudia. Katika hati hiyo hiyo iliandikwa posho ya mjane na mafungu ya wadogo, yote yakilipwa kutokana na kodi.

Ubovu wake ni kwamba mafungu hayo yalikuwa kiasi maalumu, na kodi ilipanda na kushuka. Ngano ya Marekani ilipofurika Uingereza kuanzia miaka ya 1870, kodi za mashamba zilishuka na mafungu yakabaki palepale. Ni sawa na mtu aliyeweka ahadi za harusi kwa bei ya korosho ya msimu wa neema. Sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyomruhusu mkaaji kuuza, fedha zikibaki ndani ya mkataba. Salisbury alikuwa na ekari zipatazo 20,000, lakini kilichomkinga ni viwanja vya mjini: vya London, na vya Liverpool vilivyoletwa na mama yake, Frances Gascoyne. Ndiyo maana jina la ukoo wa mama likatangulia Cecil.

Salisbury mwenyewe aliionja njaa ya mtoto asiye mrithi. Mwaka 1857 alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Baba hakuridhia, bibi harusi hana mali. Ikabidi kijana aandike makala za majarida kwa malipo. Walizaa watoto wanane, mmoja akafa mchanga. Wadogo walipita njia zile zile za watoto wa mamwinyi: William kanisani (akawa Askofu wa Exeter), Edward jeshini, Robert katika sheria, Hugh bungeni.

Swali (Newala): Salisbury alipoacha uwaziri mkuu 1902 alishika Arthur Balfour, mpwa wake. Kumbe Wazungu nao wana ujomba?

Jibu: Swali la Mmakonde hasa! Balfour ni mtoto wa Blanche, dada wa Salisbury, kwa hiyo hapa pana mjomba wa kweli, si baba mdogo. Mjomba huyo alimpa uwaziri wa Ireland mwaka 1887, na kufikia 1900 serikali ilikuwa na ndugu wengi kiasi kwamba wapinzani waliibandika jina “Hotel Cecil”. Lakini kwa mila za Newala mpwa angechukua na shamba. Kule Hatfield aliliona kama mgeni tu: ardhi na cheo vilikwenda kwa mwana, James, Salisbury alipofariki Agosti 1903.

Swali (Mtwara): Ndiye aliyewapa Wajerumani pwani yetu?

Jibu: Alikuwa waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliposainiwa. Lakini Lindi na Mikindani zilikwisha kukodishwa kwa kampuni ya Kijerumani na Sultani wa Zanzibar tangu 1888. Mkataba uliipa Uingereza ulinzi wa Zanzibar, Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland, na Sultani akalipwa marki milioni 4 kwa pwani aliyoiachia.

Swali (Masasi): Ni kweli alijiwekea umeme nyumbani?

Jibu: Kweli, mapema miaka ya 1880, ukitoka kwenye kiwanda cha mbao kilichoendeshwa na maji ya mto Lea. Nyaya zilikuwa tupu, bila ganda. Mfanyakazi mmoja wa bustanini alizigusa akafa. Ndani ya nyumba zilishika moto kwenye dari, watu wakirusha mito ya viti kuuzima, kisha wakiendelea na maongezi.