Springi na shokapu za Hiace ya kulala safarini: anza na mizani

Mwenye Hiace ya zamani inayovuta kwa magurudumu manne, ambayo ameshaifunga kitanda, jiko na tangi la maji, kwa kawaida huingia gereji na ombi moja tu, kwamba gari linyanyuliwe. Fundi hupima kwa jicho, hukaza boliti mbili za mbele, huweka spesa (vipande vya kuinulia springi) nyuma kama anavyozoea kufanya kwenye Noah na IST, na gari hutoka likiwa limesimama vizuri. Kwa miaka niliyoendesha gari la aina hiyo, kuanzia nyanda za juu kusini hadi mbuga za kaskazini mwa Tanzania, nimefikia uamuzi kwamba kimo ni jambo la mwisho kuzungumzwa. Springi huchaguliwa kwa kilo, na asiyezijua kilo za gari lake ananunua kwa kubahatisha hata kama amekwenda kwenye duka bora kuliko yote mjini.

Ninayoizungumzia ni Hiace ya kizazi kilichoanza mwaka 1989, ambayo toleo lake la abiria tumelizoea kwa jina la Super Custom. Mbele haina koili. Kila upande una chuma kirefu cha mviringo, tosheni baa, ambacho hujipinda gurudumu linapopanda na kujirudi linaposhuka. Nyuma, zile zilizoundwa kwa ajili ya mizigo zina springi za mabapa, ilhali Super Custom ina koili na mikono inayoishikilia ekseli. Ingia chini ya gari ujionee mwenyewe kabla ya kuagiza chochote, kwa sababu muuza spea akisikia "Hiace ya zamani" atakupa kile alichonacho.

Baada ya hapo nenda kwenye mizani ya kupimia malori. Maghala makubwa ya nafaka, viwanda na wanunuzi wa vyuma chakavu wanayo, na wengi wao hukubali kupima gari dogo kwa malipo kidogo. Gari liwe limejazwa kama siku ya safari: mafuta, maji, mtungi wa gesi, vyombo, na watu wakiwa wamekaa viti vyao. Pima kwanza magurudumu ya mbele peke yake yakiwa juu ya mizani, kisha gari zima, halafu utoe hesabu ya kwanza kwenye ya pili ili uupate uzito wa nyuma. Matokeo huwashangaza wengi. Lita 60 za maji ni kilo 60. Betri mbili za asidi za ampea-saa 100 hukaribia kilo 60, ambapo za lithiamu za ukubwa huo huo hazifiki nusu ya hapo. Bodi moja nzima ya MDF ya milimita 18, ile ambayo maseremala wetu huipenda kwa makabati, ina kati ya kilo 35 na 40, na kabati la kawaida la gari la kulala hula bodi kadhaa. Ukiongeza hema la juu ya paa na madumu mawili ya dizeli, umembeba abiria mmoja baada ya mwingine pasipo kumwona hata mmoja wao.

Tofauti kati ya gari hili na Hiace ya mizigo ni kwamba la mizigo hurudi tupu, lakini makabati hayashuki kamwe. Springi iliyotoka kiwandani ikitarajia kuinama siku za soko na kupumzika siku nyingine sasa imeinama mwaka mzima, na ndiyo maana gari hugonga mpira wa kizuizi kwenye kila shimo. Kwa hiyo springi unayoitafuta ni ile iliyokadiriwa kwa mzigo wa kudumu. Watengenezaji wanaojiheshimu, kama Old Man Emu wa Australia, huuza springi za gari moja katika madaraja kadhaa kulingana na kilo zilizoongezwa, na swali la kwanza utakaloulizwa na muuzaji anayeijua kazi yake ni hilo la kilo. Asipouliza, uliza wewe. Wakati huo huo, springi ngumu haiongezi uwezo ambao mtengenezaji aliupa ekseli, bearingi na breki; ikiwa mizani inaonyesha umevuka uzito wa juu ulioandikwa kwa ajili ya gari lako, dawa ni kupunguza makabati.

Ugumu wa springi hupanda haraka kuliko macho yanavyoona, na hapa ndipo mafundi wetu wengi, pamoja na ustadi wao, huzidisha dozi. Tosheni baa iliyonenepa kwa asilimia 10 tu huwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 46. Bapa la springi lenye unene wa milimita 8 ni gumu zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 6 lenye urefu na upana ule ule. Kwa hiyo anayekuchomekea bapa nene lililotoka kwenye lori dogo anakupa gari litakalobeba saruji, lakini usiku utalikuta friji limehama, skrubu za makabati zimelegea na sahani zimepasuka. Kwa springi za mabapa napendelea seti nzima iliyopindwa upya kwa kipimo, au seti mpya yenye mabapa mengi membamba, kwa kuwa kuongeza bapa moja nene juu ya mabapa yaliyochoka hulitwisha bapa hilo karibu kazi yote, na mara nyingi ndilo huvunjika kwanza.

Kuhusu zile boliti mbili za mbele, zielewe vizuri. Kuzikaza hulinyanyua gari, lakini hakuiongezei tosheni baa ugumu wowote. Kinachobadilika ni mahali inapoanzia kujipinda. Kadiri unavyopandisha, ndivyo gurudumu linavyopoteza nafasi ya kushuka, mpaka kila linapopita juu ya shimo mkono wa juu unagonga kizuizi chake kwa chini. Shafti za mbele nazo hukaa kwa pembe kali, mipira inayofunika jointi za sivii, zile viungo vya shafti, huchanika, grisi hutoka na vumbi huingia. Ikiwa mbele pameinama kwa sababu ya bampa la chuma na betri ya pili, badilisha tosheni baa zenyewe kwa nene kidogo, kisha utumie boliti kurudisha kimo cha kiwandani au kukizidi kwa sentimita mbili au tatu, basi. Spesa za nyuma zina hadithi hiyo hiyo: zinainua, hazibebi. Mifuko ya hewa inayoingia ndani ya koili husaidia kwa mzigo wa muda mfupi, lakini mimi siitegemei mbali na mji.

Shokapu ndizo ambazo ningezitumia pesa nyingi zaidi, na kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwaka huu, kiwe hicho. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kucheza, na hufanya hivyo kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, hivyo nguvu yote ya mtikisiko hugeuka joto. Kwenye barabara kama ile ya Serengeti kutoka geti la Naabi kwenda Seronera, ambako changarawe imejikunja ikawa mawimbi mafupi yasiyokwisha, joto hilo halipati nafasi ya kupoa. Mafuta hutoa povu, na gari lililokuwa tulivu asubuhi huanza kuelea mchana. Shokapu ya bomba moja yenye gesi ya shinikizo kubwa hupoa vizuri zaidi kwa kuwa bomba lenye mafuta linaguswa na upepo moja kwa moja, ila jiwe likilibonyeza bomba hilo, pistoni hukwama. Ya mabomba mawili huchemka mapema zaidi, lakini bomba lake la nje likibonyea kidogo kazi huendelea. Kwa gari zito linalokwenda taratibu kwenye njia za mawe, nachagua ya mabomba mawili yenye kipenyo kikubwa. Kwa anayekimbia masafa marefu kwenye changarawe, ningemshauri ya bomba moja. Za mtumba nisingezifunga hata bure.

Zipo njia nyingi za kupima shokapu, na ile ya kukandamiza bampa haikuambii mengi kwenye gari la tani mbili na nusu. Simama baada ya nusu saa ya barabara mbaya, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuigusa kwanza, kisha iguse kwa haraka. Zote nne zinapaswa kuwa na joto, na za nyuma zikiwa na mzigo mwingi huweza kuzidi. Ile iliyobaki baridi ndiyo iliyokufa, kwa sababu haifanyi kazi yoyote.

Siku ya kufunga, simama hapo gereji. Bushi za mpira za mikono na za springi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema. Boliti za umbo la U zinazoshika ekseli ziwe mpya. Angalia pia kama kuna fimbo nyembamba inayounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki: vali hiyo husoma uzito kwa kuangalia jinsi gari lilivyoinama, hivyo ukiinua nyuma bila kuirekebisha, huamini gari ni tupu na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu, jambo ambalo hutapenda kuligundua ukiteremka mlima Kitonga. Maliza na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

Kwenye gari lililojazwa, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, si kutoka ardhini, ili upepo wa tairi usikudanganye, na uandike vipimo hivyo vinne kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango. Baada ya kilomita 500 hivi za kwanza kaza tena boliti za U na upime upya. Kushuka kidogo pande zote mbili ni kukaa kwa springi mpya. Kukishuka upande mmoja peke yake nyuma, ingia chini na tochi utafute bapa lililovunjika, au angalia ni nani aliyelihamishia tangi la maji upande huo.