Barua kwa mwanangu: jibu zuri ambalo silo

Kwako mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika. Sisi huku Chumbageni hatujambo, ila joto. Baba yako kaenda Pangani tangu juzi, basi nimepata wasaa wa kukaa na yale maswali ya LSAT, ule mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, uliyonitumia. Umeuliza hivi: swali likisema "hoja hii inategemea dhana ipi?", unachagua jibu linaloipa hoja nguvu kuliko yote, kisha unaambiwa umekosa. Kwa nini? Ukaongeza kulalamika kwamba mifano yao ni ya kigeni, mara nyangumi, mara vyungu vya kale, na kwamba yangekuwa mambo ya kwetu usingebabaika.

Nianze na hilo la mwisho, maana ungebabaika zaidi. Soma hii:

"Jana usiku bahari ilikuwa shwari na hakukuwa na mbalamwezi. Kwa hiyo leo asubuhi dagaa watauzwa rahisi pale soko la samaki la Deep Sea."

Umeitikia kwa kichwa, nakujua. Mtoto wa Tanga haambiwi kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, kwamba mwezi ukiwaka hawaifuati taa, na kwamba vyombo huingia baharini usiku wa giza. Umeyajaza yote hayo mwenyewe bila kujijua. Hoja yenyewe imetaja bahari na mwezi, halafu ghafla ikatua kwenye bei. Mtu wa Tabora angeuliza palepale, "Mwezi na bei vimekutana wapi?" Swali hilo ndilo mtihani unalitaka. Kwenye nyangumi wewe ndiye mtu wa Tabora, kwa hiyo acha kulalamika.

Sasa tuseme wamekupa majibu haya matatu:

A. Kila chombo kinachovua usiku wa giza hurudi kimejaa, na dagaa wakiwa wengi bei hushuka siku zote.
B. Wachuuzi wa mikoani hawatanunua dagaa wote kabla soko halijafunguliwa.
C. Wiki iliyopita dagaa walikuwa ghali.

Najua ungekimbilia A, na kweli A ingeibeba hoja karibu yote mgongoni. Lakini hukuulizwa kipi kingeisaidia. Umeulizwa kipi kikiondoka hoja inakufa. Kumbuka hesabu niliyokufundisha ukiwa darasani kwangu (ukinuna kwa sababu nilikuita kwa jina la ukoo kama wenzako). Ili namba igawanyike kwa 4, ni lazima igawanyike kwa 2, ingawa hilo peke yake halitoshi, tazama 6. Kugawanyika kwa 8 kunatosha kabisa, ila si lazima, maana 12 haigawanyiki kwa 8 na bado inagawanyika kwa 4. Wakisema "inategemea" au "inahitaji" wanataka ile 2. Wakisema "ipi ikikubaliwa hitimisho litafuata bila shaka" wanataka ile ya kutosha, na hapo 8 inaruhusiwa. Soma ulizo kwanza, kabla hata ya hoja. Nimepitia majibu uliyokosa: mengi ni 8 uliyoiweka mahali pa 2.

Namna ya kupima ni kukanusha jibu kisha kuirudia hoja. Kanusha A: si kila chombo hurudi kimejaa, au si siku zote bei hushuka. Sawa, vingine vimerudi nusu. Dagaa wanaweza kuwa rahisi vilevile. Hoja ipo. Kanusha B: wachuuzi wamewabeba wote alfajiri. Hapo utanunua nini Deep Sea, na kwa bei gani? Hoja imekufa, kwa hiyo B ndiyo. C ikanushe upendavyo, haigusi kitu.

Lakini kanusha kwa adabu. Kinyume cha "wote walitoka" si "hakuna aliyetoka". Ni kwamba yupo angalau mmoja ambaye hakutoka. Kinyume cha "wapo waliotoka" ndicho "hakuna aliyetoka". Ukikanusha kupita kiasi, hata jibu la ovyo litaonekana linaiua hoja.

Tena, usione haya kudanganywa na kitu kilicho wazi. Euclid mwenyewe, yule Mgiriki wa kale, katika jambo la kwanza kabisa analolithibitisha kwenye kitabu chake cha jiometri, anachora duara mbili kwenye ncha mbili za mstari, kila moja ikipita kwenye kitovu cha mwenzake, kisha anachukua pale zinapokatana ili apate pembetatu yenye pande zote sawa. Nani kasema zinakatana? Katika vikubalio vyake, yaani mambo anayoomba yakubaliwe bila uthibitisho, hakuna kinachosema hivyo. Mchoro unaonyesha, jicho linaridhika. Kitabu hicho kilifundishwa zaidi ya miaka 2,000, na ni karne ya 19 ndipo wanahisabati walipokaza kuyaandika yale ambayo mchoro ulikuwa ukiyasema kwa niaba yao. Mmoja wao, Mjerumani David Hilbert, alitoa orodha yake ya vikubalio mwaka 1899. Mimi nimeuchora mchoro huo ubaoni maisha yangu yote ya ualimu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza.

Kuhusu muda: tangu Agosti 2024 michezo ya kupanga vitu imeondolewa kwenye LSAT, na sehemu za hoja zenye kuhesabiwa alama zimekuwa mbili, kila moja dakika 35. Ukikanusha majibu yote matano kila swali, kengele itakukuta njiani. Futa yasiyohusika kwa macho, kanusha mawili yaliyobaki.

Nitumie maswali mengine kumi. Safari hii usiniletee uliyokosa. Niletee uliyopata, na chini ya kila jibu uandike kanusho lake. Nashuku kuna uliyoyapata kwa bahati tu. Na umpigie baba yako, anasema simu yako huwa inaita bure.

Mama yako