Maswali yenu: Kula chakula kati ya makaburi

Juma lililopita niligusia kwa maneno mawili tu makaburi ya mjini yaliyogeuzwa bustani. Maswali yakamiminika. Haya ndiyo niliyoyaweza.

*Maalim, shikamoo. Mwanangu anasoma London. Kanitumia picha ya watu wameketi bustanini wanakula mkate, na nyuma yao ni makaburi tu. Bunhill Fields, asema. Hawaogopi? (Mama, Tudor)*

Marahaba, mama. Hawaogopi, na wengine wala hawajui wamekaa jirani na nani. Hapo wamelazwa watu wapatao 120,000, wengi wao Wakristo waliokataa kulifuata Kanisa la Kiingereza. Yumo Daniel Defoe, mwandishi wa Robinson Crusoe, yumo mhubiri John Bunyan. Mshairi William Blake naye yumo, ila mahali hasa alipolazwa paliwekewa jiwe mwaka 2018 tu.

Kilichoyafunga makaburi ya mjini London ni uchafu na maradhi. Mji ulijaa, maiti wakawa wanarundikwa mmoja juu ya mwingine, na kipindupindu kikaja mara baada ya mara. Bunge likatunga sheria mwaka 1852 ya kusimamisha mazishi mjini, na Bunhill ikafungwa 1854. Ilifunguliwa tena 1869, mara hii kama bustani ya umma. Sheria ninayoipenda mimi ni ile ya 1884, iliyokataza kujenga juu ya makaburi yaliyofungwa. Kiwanja kile kipo katikati ya mji wa matajiri; unadhani bila sheria kingebaki na miti? Pangekuwa ghorofa zamani.

Mwambie mwanao aangalie vizuri: makaburi mengi yamezungushiwa uzio. Penye nyasi wanapoketi watu ni sehemu iliyoharibiwa na mabomu ya Vita vya Pili, mawe yakaondolewa baadaye.

*Kwani kila mahali ni hivyo? (Wa Changamwe)*

La. New York kuna Washington Square. Tangu 1797 hadi 1825 palizikwa mafukara na waliouawa na homa ya manjano, kiasi cha watu 20,000, na wengi wangali chini ya ardhi ile. Juu watu wanacheza sataranji. Hakuna jina la maiti wala jiwe lake. Hiyo kwangu si bustani ya makaburi, ni makaburi yaliyofichwa.

*Maalim, mimi hupenda utulivu wa makaburini. Naweza kwenda kupumzika huko mchana? (Kijana, Majengo)*

Mwanangu, kuzuru makaburi kumehimizwa, ukawasalimu waliomo na kuwaombea. Ila Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa juu ya kaburi, na hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Mkeka na birika la kahawa, basi, viache nyumbani. Kuhusu kukaa pembeni chini ya mwarobaini, muulize shekhe wa mtaa wako. Mimi si mufti. Na wale walioniandikia kwamba makaburi yetu ya zamani yauzwe yawe maegesho ya magari: penye wakfu, ardhi haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Sisi hatukuhitaji kungoja 1884.

*Yale makaburi yaliyo karibu na Fort Jesus ni ya nani? (Mgeni kutoka Voi)*

Ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa hadi 1837, Sayyid Said wa Zanzibar alipouchukua mji. Si magofu hayo, bwana. Profesa Ali Mazrui alifariki Marekani Oktoba 2014 na akaletwa kuzikwa hapo hapo, kwa wazee wake. Watalii wanapita na kamera zao kuelekea ngomeni, wengi bila kugeuza shingo. Wewe toa salamu upite. Ukitaka kuingia, tafuta mwenyeji akuongoze.

*Sanamu za askari Barabara ya Jomo Kenyatta, kuna aliyezikwa chini? (Wa Mwembe Tayari)*

Hakuna. Ni ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza.

*Ni kweli mke wa Krapf kazikwa Nyali? (Mwalimu, Kisauni)*

Kweli, mwalimu. Bi Rosine alifika Mombasa na mumewe, mmishonari Mjerumani Krapf, mwaka 1844, akajifungua Julai, na kabla mwezi haujaisha yeye na kitoto chake wote wamekwisha kufa. Wakazikwa ng'ambo, upande wa bara. Wapeleke wanafunzi wako jioni, jua likishuka upande wa kisiwani, na uwaambie wasipande juu ya kaburi kupiga picha.